Mkono wa Jakaranda

Kitendawili! Sema tega, usinikodolee macho. Haya basi: kuni yangu ikiungua, napoa; isipoungua, naungua. Ni nini hiyo? Fikiri kwanza. Na usikimbilie kunipa mji, maana watu wa siku hizi hutoa Mombasa nzima kabla hawajaumiza kichwa. Jibu lako liweke kwapani, twende nalo Shauri Moyo, kwa Muthoki mkandaji.

Muthoki alikuwa na chumba kimoja katika zile nyumba za zamani za baraza la jiji, karibu na soko la Gikomba, mahali ambapo nyundo za maseremala huanza kugonga kabla jogoo hajamaliza kujinyoosha. Waliokuja kwake walikuwa mahamali waliosukuma mikokoteni hadi viuno vikakataa kunyooka, na akina mama walioinama juu ya marobota ya mitumba tangu alfajiri. Mikono ya Muthoki ilikuwa mipana na mizito. Akikushika bega, bega lilisahau deni lake.

Lakini si kukanda tu kulikomfanya ajulikane. Mama yake, Koki, alikuwa mkandaji. Baba yake, Kyule, alikuwa mchongaji wa twiga na vifaru, Mkamba wa tezo na patasi. Muthoki alichukua kazi ya mama na kazi ya baba akazifunga ndoa. Ukifika kwake hakugusi kwanza. Anakupa kipande cha mti kutoka kwenye kikapu, masalio aliyookota kwa maseremala, na kisu kidogo. Anakwambia, "Nichongee kinachokuuma." Unachonga. Hata kama hujui, unachonga. Ukimaliza, anakishika kitu chako mkononi na kukuuliza swali moja tu: "Huyu ni nani?" Ukijibu, kitu kinaingia jikoni. Moto wake ndio unaopasha mafuta ya nyonyo, na mafuta hayo ndiyo yanayokukanda mgongo.

Usipojibu, hakulazimishi. Unakandwa kwa mafuta yaliyopashwa kwa makaa ya kawaida, na mti wako unafungwa kwenye leso na kuwekwa chini ya kitanda, unakungoja. Lakini haukai hapo milele. Koki alimwachia bintiye neno hilo alipokuwa anakata roho: "Ugonjwa uliotoka mwilini, mwanangu, usiupangishie nyumba."

Baba naye aliacha lake. Maisha yake yote Kyule alichonga, na wachuuzi wakauza kazi zake kwa wageni bila kumtaja. Alikuwa akisema, "Kazi isiyo na jina ni mtoto wa kuokota." Alipokufa, hakuna twiga hata mmoja duniani aliyejulikana kuwa ni wake.

Maneno hayo mawili yalikaa kichwani mwa Muthoki kama wake wenza. Yalisalimiana vizuri, kila moja likingoja mwenzake aondoke.

Siku nyingi chumba kile kilikuwa cha vicheko. Frankline, hamali mmoja mwenye shingo kama ya fahali, alichonga kitu cha mviringo kisicho na mbele wala nyuma.

"Huyu ni nani, Frankline?"

"Ni mdosi wangu, tajiri wa mikokoteni."

"Mbona hana miguu?"

"Ya nini, mathe? Na yeye kazi yake ni kuketi?"

Batulo, jirani aliyeuza mahamri pale mlangoni, alicheka akashika nguzo. "Mchome polepole huyo," akasema. "Aive mpaka ndani."

Mdosi akachomwa, Frankline akakandwa, akaondoka akipiga mluzi.

Triza hakucheka. Alikuja siku za Jumatano akiwa na kikapu cha soko, mwanamke mwembamba aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Siku ya kwanza alisema anatoka mbali. Muthoki hakuuliza mbali ni wapi, maana swali lake lilikuwa moja. Alipovua sweta, Muthoki aliona mbavu zenye rangi ya biringanya.

"Niliteleza bafuni," Triza akasema.

"Pole, mama."

"Mzee wangu asijue nakuja hapa. Tafadhali. Anajua niko Gikomba natafutia watoto nguo. Akijua..." Hakumalizia. Aliichukua sweta yake akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama nguo ya mtu mwingine.

Alipoondoka, Batulo alisonya. "Bafuni! Bafu gani hilo lenye vidole?"

Triza alichagua kipande cha jakaranda, akakichonga Jumatano baada ya Jumatano. Hakuwahi kushika kisu cha kuchonga, lakini mti ulimtii. Kikatoka kiganja. Vikatoka vidole, dole gumba pana, kucha zake hata na vile vimwezi vyeupe. Na kidole cha mwisho kimepinda kuingia ndani kama ndoana. Ulikuwa mkono wa kiume, umefunguka nusu. Hujui unataka kukushika ama ndio kwanza umekuachilia. Muthoki, mtoto wa mchongaji, aliushika akaugeuza huku na huku. Baba yake hakuwahi kufikia hapo, na baba yake alizaliwa na tezo mkononi.

"Huu ni mkono wa nani, Triza?"

Triza alitazama dirisha.

Jumatano iliyofuata akaulizwa tena. Kimya. Na nyingine. Kimya. Kila mara Muthoki aliufunga mkono ule ndani ya leso akauweka chini ya kitanda, na kila mara, Triza akishaondoka, aliufungua tena. Akaupiga msasa. Akaupaka mafuta. Sasa niambie wewe, mtu anayengoja kuchoma kitu hukipiga msasa wa nini?

Ndipo akaja Jacklyne.

Jacklyne alikuja na shingo iliyokataa kugeuka, viatu vya bei na sauti tamu. Alikuwa amesomea mambo ya urembo na siha chuoni, na alikuwa anafungua kituo kule mtaa wa Tena. Shingo ilipogeuka, macho yake yalizunguka chumba: kikapu, kisu, jiko, mafuta.

"Mama, unajua una nini hapa?" akasema. "Mwili na sanaa pamoja! Watu wanavuka bahari kutafuta hii kitu. Njoo kwangu. Nitakupa chumba chenye madirisha mawili. Jina lako litakuwa kwenye ubao, kubwa: Siha na Sanaa, na Mama Muthoki."

Jina kwenye ubao. Muthoki alilirudia moyoni. Miaka yote hiyo ya kuvuta moshi, na hakuna aliyewahi kuliandika jina lake popote isipokuwa kwenye kitambulisho.

"Lakini siku ya kufungua," Jacklyne akaendelea, "nataka meza ya kazi za wagonjwa. Watu waone kwa macho yao."

"Tunazichoma, mwanangu."

"Zote?"

Muthoki alitupa jicho pembeni, nalo likamsaliti. Jacklyne alifuata macho yake mpaka chini ya kitanda. Ule mkono ulipofunguliwa, Jacklyne alikaa chini kwenye mkeka na viatu vyake vya bei.

"Huu," akasema. "Huu katikati ya meza. Bila huu, mama, ni hadithi tu."

Muthoki alijaribu njia nyingine kwanza, tusimwonee. Alimwita Frankline na wenzake wachonge vya kuonyeshwa. Frankline alichonga kitu kama mguu wa stuli uliopata ajali. "Leo siumwi, mathe," akajitetea. "Nitachonga nini?" Kweli, maumivu hayaagizwi kama chapati.

Jumatano Triza alikuja. Muthoki alimkanda vizuri kuliko siku zote. Alikuwa amepanga kumwomba ruhusa. Maneno yalimfika mdomoni, akayarudisha. Je, akimwomba, naye akasema hapana? Basi akamuuliza tu lile swali la kawaida.

"Huu ni mkono wa nani, Triza?"

Safari hii Triza alifungua mdomo. "Wiki ijayo," akasema. "Wiki ijayo nitakwambia, mama. Halafu tuuchome. Nimechoka nao."

Akaondoka na kikapu chake. Na Muthoki, Mungu amrehemu, hakufurahi. Alishtuka. Wiki ijayo tuuchome! Na sherehe ya kule Tena ni Jumamosi. Alijiambia: si utarudi? Jumamosi unakaa mezani, Jumatano unachomwa, nani atajua? Mti hauna mdomo.

Usiku huo huo angeweza kulala. Lakini aliuchukua mkono ule, akaugeuza, akaona pale chini palivyo patupu, na sauti ya baba yake ikamjia: mtoto wa kuokota. Hapana. Huyu mama hataibiwa kama alivyoibiwa Kyule. Muthoki alitwaa patasi ya marehemu na kuchonga kwenye kitako cha kile kiganja, kwa heshima, kwa upendo hata, herufi moja baada ya nyingine: TRIZA.

Jumamosi kituo kilijaa. Kulikuwa na baluni, soda na mahamri ya Batulo, aliyejialika mwenyewe. Ubao ulikuwa umetundikwa juu ya mlango na jina la Muthoki liliandikwa kwa rangi ya kijani. Alilitazama mara nyingi, akijifanya anatazama hali ya hewa. Chini yake kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, na katikati ule mkono.

"Kabla hatujaanza," Jacklyne akatangaza, "mzee wa kanisa letu, Mzee Otiende, atuombee."

Akasimama mzee mmoja nadhifu wa suti ya kijivu, mstaafu wa reli, sauti yake ya upole kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Watu wakafumba macho. Muthoki naye akafumba. Mzee akainua mkono wa kulia kubariki nyumba. Muthoki alifumbua jicho, maana mkandaji hawezi kujua mkono umeinuliwa asiutazame.

Dole gumba pana. Kucha zenye vimwezi. Kidole cha mwisho kimepinda kuingia ndani kama ndoana.

Aliukanda mkono ule kwa msasa. Aliupaka mafuta mara ngapi! Sasa ulikuwa hewani, wenye damu, juu ya ndugu yake wa mti, na mwenye mkono akiombea amani ya ndoa za Tena zote.

Yalikuwa maombi marefu. Yalipita kwa wagonjwa, kwa wajane, kwa viongozi wa nchi. Macho yote yalikuwa yamefumbwa. Meza ilikuwa hatua chache tu. Mtu angeweza kuunyakua ule mti akautia chini ya kitenge, na hakuna ambaye angejua mpaka amina. Muthoki alijua hivyo. Alitazama meza, akatazama ubao. Akitoa kile cha katikati, Jacklyne atasema nini mbele ya watu? Aliendelea kufikiri mpaka watu wakasema amina.

Mzee Otiende alizunguka meza akiwa na soda mkononi. Alipofika katikati, alisimama. Aliweka soda chini. Akaulaza mkono wake juu ya kitambaa, kando ya ule wa mti, akaitazama yote miwili kama mtu anayetazama watoto pacha. Akacheka kidogo, kwa pua.

"Fundi wa hii ni nani?"

"Mgonjwa wetu mmoja, baba!" Jacklyne akadakia. "Geuza uone chini. Mama Muthoki hapendi kazi isiyo na jina."

Mzee aligeuza. Alisoma. Alisoma polepole, kana kwamba jina lilikuwa refu.

"Vizuri sana," akasema. "Jina ni kitu cha maana." Kisha akamgeukia Muthoki. "Na huyu Triza, mama, hukuja naye?"

"Ni... ni wengi, mzee. Akina Triza ni wengi."

"Ni wengi," mzee akakubali kwa upole. "Lakini kidole hiki ni kimoja." Akamgeukia Jacklyne. "Nifungie, binti yangu. Nampelekea mke wangu. Hajawahi kupata zawadi kubwa hivi."

Jacklyne alipiga makofi. Kitu cha kwanza kuuzwa! Watu wote wakapiga makofi. Mkono ulifungwa kwenye gazeti, ukatoka mlangoni kwapani mwa mwenyewe.

Muthoki alisogea kumfuata. Kweli alisogea. Lakini Jacklyne alimshika kiwiko: "Mama, watu wamepanga foleni." Na walikuwa wamepanga kweli, mpaka kwenye ngazi, wakitaka mikono ya yule wa kwenye ubao. Muthoki akainama akakanda. Alikanda mpaka soda zikaisha. Batulo peke yake ndiye aliyemtazama kwa namna, akibeba sinia lake tupu.

"Lile bafu la yule mama," akamnong'oneza, "leo limevaa suti. Nawe umelifungia zawadi."

Jumatano Triza hakuja. Muthoki aliketi Shauri Moyo na kikapu cha vipande miguuni mwake, akisikiliza kila kiatu kilichopita mlangoni. Frankline alichungulia akasema, "Mathe, mbona leo wewe ndiye mgonjwa?" Akafukuzwa.

Habari ililetwa na Jacklyne mwenyewe, tena kwa uso wa huruma. "Mke wa Mzee Otiende ameumia, maskini. Lango la chuma lilimbana mkono. Wa kulia. Vidole vyote. Mzee amekuomba wewe kwa jina, mama. Anasema hakuna mwingine wa kumkanda."

Lango la chuma! Afadhali lile bafu, lilikuwa na utu.

Nyumba ya Mzee Otiende ilikuwa safi, yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono. Mzee alimfungulia mlango mwenyewe na kumpokea mkoba.

"Karibu, mama. Karibu sana. Mimi nakuomba radhi. Nilikuwa nadhani haya mambo yenu ni ushirikina. Kumbe ni sanaa." Akaonyesha kabati la vyombo. Pale juu, kwenye kitambaa cheupe, katikati ya picha ya harusi na saa ya mezani iliyosogezwa kuupisha, ulisimama ule mkono, umeng'arishwa. "Kila asubuhi yeye mwenyewe ndiye anayeufuta vumbi. Na wageni wakija, anawasomea jina lililo chini. Si ndio, mama watoto?"

Triza alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya plasta hadi kwenye kiwiko, na ncha za vidole zimevimba kama maharage yaliyolala majini. Hakuvaa sweta. Hakukuwa tena na cha kuficha.

"Ndio," akasema.

"Mpe mwalimu wako chai."

Triza aliinuka, akamimina kwa mkono wa kushoto. Birika lilimwelemea, chai ikamwagika sahanini, ikamwagika kwenye goti la Muthoki. Ilikuwa moto na Muthoki hakusogea.

"Polepole," mzee akasema kwa sauti yake ile ya maombi. "Utazoea tu."

Nje mtu alibisha, vijana wa kanisa waliofuata viti. Mzee akatoka kuwahesabia. Sauti yake ilisikika barazani, akiwatania kuhusu harusi zao.

Muthoki aliruka. Aliunyakua mkono kutoka kabatini, akaanguka magoti mbele ya Triza, kitambaa kikaanguka naye.

"Triza. Nisamehe. Jiko lako liko wapi? Tuuchome sasa hivi, kabla hajarudi. Sema neno moja tu, ule wetu utaratibu, halafu tuuchome. Utapoa, mwanangu. Utapoa."

Triza hakutazama jikoni. Aliuchukua mti kwa mkono mzima, akaugeuza, akapitisha kidole juu ya zile herufi.

"Hili jina nani aliliandika?"

"Ni mimi. Nilitaka ujulikane."

"Nikajulikana."

Barazani viti vilikuwa vinapandishwa kwenye gari. Mzee alikuwa anaaga. Muthoki alianza kulia, na machozi yakamtoka pamoja na lile swali, maana hakuwa na lingine, hakuwahi kuwa na lingine.

"Niambie basi. Uliniahidi wiki ijayo. Huu ni mkono wa nani?"

Triza alimrudishia ule mti. Muthoki aliupokea kwa mikono yote miwili. Triza akaitazama mikono hiyo mipana, inayong'aa mafuta, jinsi hata sasa dole gumba lilivyokuwa likiupapasa mti huo kama kwa msasa, lenyewe, bila kuambiwa.

"Wako," akasema.